Asali ya Kiganjani

Bwana Thuku hakupenda kuguswa. Mbeyu alilijua hilo tangu siku ya kwanza ya mafunzo, pale kambini Vitengeni, alipomwona akimaliza kuwapa mikono wanafunzi kumi na wawili, kisha akazunguka nyuma ya Landrova, akafungua dumu la maji ya kunywa na kunawa hadi viwikoni. Kwa sabuni. Maji yale yalikuwa yameletwa kwa gari kutoka Kilifi, kwa kuwa kisima cha Vitengeni kilikuwa kimebaki tope, na wanafunzi walikuwa wamesimama pale pale wakiyatazama yakimwagika mchangani.

"Ni mtu wa usafi," alisema Simeon Ngala, kana kwamba ameulizwa.

Simeon Ngala ndiye aliyekuwa mwakilishi wa wenyeji wa msitu. Alikuwa na nyumba nne za kupangisha kule Muyeye, Malindi, na msituni hajalala hata siku moja tangu azaliwe. Lakini jina lake lilikuwa la Kigiriama, alijua kujifunga shuka mbele ya Wazungu, na wafadhili walipotaka mtu wa kutia saini kwa niaba ya jamii, yeye ndiye aliyekuwa karibu na kalamu.

Mradi ulikuwa na jina refu, limeandikwa kwa rangi ya kijani mlangoni mwa gari: Mafunzo ya Kazi za Msitu kwa Ushirikiano na Wenyeji. Ulikuwa mwaka wa 1986. Wanafunzi saba walikuwa Wagiriama. Watano walikuwa Waata, wale ambao majirani huwaita Wasanye, watu wa upinde na asali. Uwindaji ulikuwa umepigwa marufuku miaka tisa nyuma, na tangu hapo Mwaata akikutwa na mshale njiani, mshale huo ulikuwa ushahidi wa mahakamani. Sasa waliambiwa: someni majuma sita, mtapewa sare na kazi ya kuulinda msitu wenu wenyewe, kwa mshahara. Walikuja kwa miguu, wengine mwendo wa siku nzima.

Mbeyu binti Gona, mzaliwa wa hapo hapo Vitengeni, alikuwa na miaka ishirini na minne na diploma ya misitu. Asubuhi alifundisha na mchana alitafsiri, maana Bwana Thuku, mkuu wa mradi, hakujua Kigiriama, na wazee hawakujua Kiswahili cha kutosha kubishana nacho. Mafunzo yakiisha angepewa barua ya kuthibitishwa kazini. Barua hiyo aliiwaza kuliko chakula. Chuoni alikuwa msichana pekee darasani, na mjomba wake alikuwa amekwisha kumwuliza mara mbili kama miti huoa.

Katika wanafunzi wote, aliyewaacha wenziwe mbali ni Kavumbi. Alikuwa Mwaata wa umri wa babu yake Mbeyu, mfupi, mkavu, aliyewahi kufungwa miezi sita kwa ajili ya paa mmoja. Tangu siku ya kwanza alimwita Mbeyu "mke wangu", kama babu wanavyowatania wajukuu, naye Mbeyu akamwita tsawe, babu kwa Kigiriama.

"Mke wangu, mwambie mkubwa wako amesimama juu ya chakula," alisema siku moja msituni. Bwana Thuku alikuwa amekanyaga mmea wa viazi mwitu kwa buti zote mbili.

"Anasema nini?" aliuliza Bwana Thuku.

"Anasema usogee kidogo, bwana, uone vizuri."

"Muulize na hizo buti, kama zinaliwa," alisema Kavumbi, na wanafunzi wakacheka, na Bwana Thuku naye akacheka, maana alidhani amesifiwa.

Juma la nne ndipo lilipokuja somo la miti mikubwa.

"Ambia yeye hivi," alisema Bwana Thuku. "Tunataka mbambakofi za zamani sana. Zote. Tuziandike, ndiyo tuzilinde. Mtu hawezi linda kitu hajui iko wapi."

Mbeyu alitafsiri kwa furaha, kwa sababu hilo hata yeye aliliamini. Kavumbi alichora mchanga kwa kidole cha mguu. Hatimaye akasema kwamba mambo hayo hayasemwi hivi hivi tu. Mbambakofi kubwa ni miti ya nyuki. Kila mmoja una mwenyewe, na una jina alilolitoa yule aliyepata asali yake kwanza. Jina hilo haambiwi mtu ambaye hajala asali ya Waata kutoka kiganjani mwa mwenye miti. Akishaila, akaimeza, basi miti ile ni yake pia kuilinda, na hawezi tena kuitia chuma.

"Na akitia?" aliuliza Bwana Thuku.

Mbeyu akatafsiri. Kavumbi alimtazama kama ambaye hajasikia vizuri, ikabidi Mbeyu arudie.

"Mtu aliyemeza?" aliuliza mzee. "Haiwi."

"Anasema haiwezekani, bwana."

"Vizuri sana. Basi alete hiyo asali."

Kesho yake Kavumbi aliupanda mti kwa kamba ya magome, mwenge wa moshi umening'inia kiunoni, na akashuka na sega zima limefungwa katika majani. Simeon Ngala alibaki ndani ya gari. Alisema daktari amemkataza vitu vitamu, yeye ambaye chai yake aliitia vijiko vinne. Wengine walijipanga. Mzee alikata kipande, akakiweka kiganjani, na kila mtu akainama, akala kwa mdomo bila kutumia mikono yake, kama ndama. Kiganja kilikuwa cheusi kwa masizi, kimepasukapasuka, na ndani ya asali mlikuwa na nta, mabawa ya nyuki na majana mawili matatu, watoto wa nyuki, meupe, manene. Zamu ya Mbeyu ilipofika alifumba macho. Alionja utamu, kisha moshi, kisha chumvi ya jasho la mzee. Akameza vyote.

Bwana Thuku alikuwa wa mwisho. Aliinama kama mtu anayekunywa shubiri, akakipokea kipande mdomoni, akatabasamu midomo imefumbwa, akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akatembea polepole hadi nyuma ya mti. Mbeyu, aliyekuwa upande ule akitafuta daftari lake, alimwona akitoa leso nyeupe. Alitema. Akausugua ulimi kwa leso, mara tatu, mpaka mwisho kabisa, macho yakamtoka machozi. Alipoinua kichwa na kumwona Mbeyu, hakuona haya. Alimkonyeza.

"Watu wazuri," alimwambia kwa Kiingereza, "lakini Mungu wangu, ile mikono!"

Akaikunja leso ikiwa na asali ndani yake na kuitupa kichakani.

Kavumbi alikuwa akiuzima mwenge mchangani. "Mke wangu," aliita, "mkubwa amemeza?"

Mbeyu aligeukia kichaka. Aliitazama ile leso, siafu wa kwanza wamekwisha kuifikia. Akaiwaza barua.

"Amemeza, tsawe," alisema.

Kwa siku kumi waliandika miti. Kavumbi aliwaongoza, wanafunzi wakapima unene kwa utepe, Mbeyu akaandika namba, mahali, futi na jina. Mzee aliyataja majina kwa sauti ya chini, mkono wake umelala kwenye gome. Mama wa Wengi. Aliungua Akabaki. Pa Kungojea Mvua. Wa tisa ulikuwa mnene kuliko chumba cha Mbeyu, na huo uliitwa Kahonzi. Ndilo jina la marehemu mke wake, aliyejifungulia hapo mtoto wao wa kwanza mvua ikiwa imewafungia njia.

"Huyu ndiye mke mkubwa," alisema Kavumbi, akiupapasa. "Wewe mdogo usione wivu."

Walimaliza na miti arobaini na mmoja. Bwana Thuku alilichukua daftari akaliweka chini ya kwapa lake.

Juma la mwisho wanafunzi walipakiwa katika gari na kupelekwa Bofa, kwenye hoteli ya ufukweni ambako wafadhili wangekuja kufunga mafunzo. Huko kulikuwa na mafunzo kwa vitendo, waliambiwa. Vitendo vyenyewe vilikuwa kufyeka nyasi za hoteli asubuhi na kupunguza ua wa maua. Alasiri walifanya mazoezi ya ngoma ambayo Simeon Ngala aliibuni mwenyewe, kwa sababu ngoma za Waata, alisema, hazichangamshi.

Mbeyu aliachwa kambini aandike vyeti, yeye na Adhiambo. Adhiambo alikuwa karani wa mradi, mama wa makamo kutoka pande za Kisumu, mwenye kicheko kilichowatoa kuku mbio. Kiswahili chake kilimchekesha Mbeyu, na yeye alijua kinamchekesha, akawa anakizidisha makusudi. Alhamisi ile hakucheka. Alikuja na karatasi nyembamba ya nakala ya kaboni, maandishi ya buluu yaliyofifia, akaiweka juu ya vyeti.

"Wewe kusoma umesoma, dada Mbeyu. Soma hii, kisha uniambie kama mimi ni mjinga."

Ilikuwa barua kwa kiwanda kimoja cha mbao Malindi. Mbeyu aliiona miti yake yote, arobaini na mmoja, kwa namba zile zile, futi zile zile, hata majina kwa herufi zile zile alizoziandika yeye. Pembeni palikuwa na safu mpya: siku ya kuangushwa. Saba za kwanza, Jumatatu. Namba tisa haikuwa na siku. Iliandikwa: sampuli, imekwisha pelekwa. Chini kulikuwa na saini mbili, ya Thuku kwa niaba ya mradi, na ya Ngala kwa niaba ya wenyeji.

"Uliipiga lini?"

"Juzi. Mimi napiga kitu mkubwa ananipa, vidole hazina macho. Lakini leo nikipanga mafaili nikaona hilo jina, Kahonzi. Si wewe uliniambia ni bibi ya yule mzee? Nikasema, Adhiambo, umeuza bibi ya mtu na taipureta."

Mbeyu aliikunja ile karatasi. Alivaa viatu akaingia msituni.

Alikwenda kwa saa mbili. Harufu ilimpokea kabla hajafika, harufu ya asali iliyochacha, kali kama tembo la juzi, na chini yake harufu nyingine ambayo hakutaka kuitambua. Kahonzi alikuwa kisiki. Kilikuwa kimekatwa vibaya, kwa haraka, kimeacha vibanzi virefu kama meno, na utomvu ulikuwa umetoka na kuganda ukashika vumbi. Gogo lilikuwa limeburutwa. Ule upande wenye pango la nyuki ulikuwa umekatwa ukatupwa kando, maana hautoi mbao, na masega yalikuwa yametapakaa chini yamekanyagwa kwa viatu. Majana yalikuwa yakitambaa katika asali iliyochanganyika na mafuta ya mashine. Nyuki waliobaki walijikusanya juu ya kibanzi kimoja, hawaumi, hawaruki. Nzi ndio walioruka. Wakataji walikuwa wamekula hapo wakaacha mikebe ya samaki, na walikuwa wamejisaidia hapo pia, kwenye mizizi, mmoja baada ya mwingine, bila hata kutupia jani.

Mbeyu alitapika. Alipomaliza aliona kwamba alichokichukia zaidi hakikuwa mikebe wala kinyesi. Ilikuwa sauti yake mwenyewe ikisema, amemeza, tsawe. Alitema mate, akatema tena, haikutoka.

Jumamosi alifika Bofa na lori la mkaa, karatasi ya kaboni imekunjwa ndani ya blauzi. Bustani ya hoteli ilikuwa imepangwa meza sita zenye vitambaa vyeupe. Wanafunzi walikuwa wamevishwa ngozi. Si za paa, maana hizo ni kifungo. Zilikuwa ngozi za mbuzi ambazo Simeon Ngala alizichukua buchani siku mbili nyuma, zina chumvi kidogo na mafuta mengi, na jua la saa nne lilikuwa limekwisha kuziamsha. Mhudumu wa hoteli aliwapitia kwa nyuma na mkebe wa dawa ya nzi, akiwapulizia migongoni kama wanaofukiziwa ubani.

"Usitazame, mwalimu," alisema Lewa, kijana mkubwa wa Ganze aliyekuwa wa kwanza katika somo la miche. Ngozi ilikuwa imemfika mapajani. "Mama yangu akiniona hivi atanikalia matanga."

Mbeyu alimkuta Kavumbi nyuma ya jiko, amekaa juu ya kreti ya soda, kibuyu kidogo miguuni. Alimwamkia. Mzee akafurahi.

"Mke wangu! Nimewaletea wageni asali ya Kahonzi. Ya mwisho niliyokuwa nayo nyumbani."

Mbeyu alichuchumaa mbele yake na kumwambia yote, kwa Kigiriama, bila kupamba. Kisiki. Barua. Lori la Jumatatu. Kavumbi alisikiliza huku akikigeuzageuza kizibo cha kibuyu.

"Lakini alimeza," alisema mwishoni.

"Hakumeza, tsawe. Alitema katika leso nyuma ya mti."

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Nikakuuliza."

"Ukaniuliza, nikasema amemeza."

Hakumtukana. Alimtazama tu, kisha akatazama pembeni, kama mtu aliyefungua mlango asiotakiwa kuufungua.

"Basi yeye hana kosa," alisema Kavumbi polepole. "Asiyemeza hakuvunja kitu. Alikuwa mgeni tu kwenye miti ya watu. Mwenye kosa ni wewe uliyemeza ukasema uongo." Akainuka, magoti yakalia. "Nitamlisha."

"Tsawe..."

"Nitamlisha mbele ya watu, na wewe utazame koo lake."

Sherehe ilianza. Ngoma ya Simeon Ngala ilichezwa, na wafadhili wakapiga makofi, isipokuwa wale wa meza ya mbele ambao walikuwa wameziba pua kwa vitambaa vya mezani. Mgeni mkuu alikuwa mama mmoja wa Kizungu, mrefu, mwenye kamera shingoni na daftari mapajani. Bwana Thuku alihutubia. Alisema mradi huu umejifunza kutoka kwa wenyeji. Alisema wenyeji ndio macho ya msitu. Mbeyu alitafsiri neno kwa neno, na kila neno lilimpita kooni kama kipande cha ile ngozi.

Ndipo Kavumbi akatoka katika mstari. Alikwenda moja kwa moja hadi mbele ya Bwana Thuku, akamimina asali kiganjani, akakinyosha.

"Oo!" alisema yule mama Mzungu, akaiinua kamera.

Bwana Thuku alikitazama kiganja. Kijasho kilimtoka juu ya mdomo. Aliwatazama wageni, kamera sasa zilikuwa nne. Mbeyu alifikiri atakataa, na moyo wake ukamwomba akatae. Lakini Bwana Thuku aliinama, akaila asali yote. Akakilamba kiganja. Akainua kichwa, ndevu zinanata, akameza huku kila mtu akiona kifundo cha koo kikipanda na kushuka, akatabasamu kwa kila kamera kwa zamu yake. Makofi yalipigwa mpaka kunguru wakauhama mti wa mvinje.

Huku barua kwa kiwanda iko katika faili lake, mezani pale pale, chini ya bilauri ya maji.

Mtu anayetema, alifikiri Mbeyu, angalau mdomo wake una ukweli.

Kavumbi alirudi akasimama kando yake, uso umeng'aa.

"Umeona? Imeshuka. Yamekwisha, mke wangu."

"Hayajakwisha. Lori linakuja Jumatatu."

"Amemeza."

"Wapo watu humeza na wakakata, tsawe. Huyu atakata."

Mzee alimgeukia. Katika jicho lake mlikuwa na huruma, kana kwamba mjukuu amemsimulia habari za majitu yanayokula watoto wao.

"Hakuna mtu wa hivyo," alisema. "Ni nani aliyekutisha?"

"Na sasa," Bwana Thuku alikuwa akisema kwenye kipaza sauti, akijipangusa ndevu kwa mara ya tatu, "mwalimu wetu, Bi. Mbeyu, atatutolea shukrani za wazee. Na kabla sijasahau, mwalimu, barua yako iko tayari. Nitakupa leo."

Makofi tena. Mbeyu alikwenda mbele. Alijua sheria, aliimeza pamoja na majana. Majina yale hayasemwi mbele ya watu ambao hawajala. Mezani kulikuwa na watu arobaini ambao hawajala. Alijua pia kwamba orodha ya miti bila majina yake ingekuwa karatasi tu ya mbao, na karatasi za mbao wageni hawa walikuwa wameziona nyingi.

Akaitoa kaboni kifuani.

"Namba moja," alisoma kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kigiriama. "Mama wa Wengi. Futi kumi na moja. Utaangushwa Jumatatu, upelekwe kiwandani Malindi. Namba mbili. Aliungua Akabaki. Futi tisa na nusu. Jumatatu."

Mstari wa ngozi za mbuzi ulinyooka. Wanafunzi walikuwa wameipima miti hiyo kwa mikono yao.

"Zima hicho chombo!" alipiga kelele Simeon Ngala. "We fundi! Zima!"

Fundi wa hoteli, aliyekuwa akila njugu kando ya mashine, alianza kuitafuta swichi bila haraka yoyote. Aliitafuta chini ya kiti. Aliitafuta mifukoni mwake.

Mbeyu alisoma yote saba, kisha akaruka hadi ya tisa. "Kahonzi. Sampuli, imekwisha pelekwa. Imetiwa saini, Thuku, kwa niaba ya mradi. Imetiwa saini, Ngala, kwa niaba ya wenyeji."

Alipoinua macho alimwona Kavumbi. Uso wa mzee ulikuwa umejaa karaha tupu, na ilikuwa ikimtazama yeye, si Thuku. Alikuwa kama mtu aliyeona nguo ya mkewe imevuliwa sokoni, na aliyeivua ni mjukuu wake. Mbeyu aliipokea karaha ile. Ilikuwa haki yake.

Yule mama Mzungu alikuwa amesimama. Alimwuliza Bwana Thuku jambo, na Bwana Thuku akacheka kidogo, akasema ni makosa ya tafsiri, binti ni mgeni kazini. Mama alinyosha mkono, Mbeyu akampa kaboni. Aliisoma. Akanyosha mkono mwingine akaliinua faili lililokuwa chini ya bilauri, na Bwana Thuku alipojaribu kulishika, maji yakamwagika mapajani mwake. Aliinuka. Rangi ilikuwa imemtoka. Akaweka mkono mdomoni, akaenda mbio kuelekea vyooni, nyuma ya baa.

Lori halikuja Jumatatu ile, wala Jumatatu iliyofuata. Barua ya Mbeyu nayo haikuja. Lakini siku ile, pale bustanini, hakuna aliyeyajua hayo. Watu walikaa, vitambaa vya mezani mikononi, na Kavumbi akakiokota kibuyu chake.

Alianza na meza ya mbele. Alimimina, akanyosha kiganja chini ya kidevu cha yule mama Mzungu, akangoja. Mbeyu alikitafsiri kile kiganja bila kuulizwa.

"Anasema mmesikia majina. Aliyeyasikia hana budi kumeza. Na akishameza, miti ile ni yake kuilinda."

Mama aliivua miwani yake, akainama, akala. Jirani yake aliomba kijiko. Mzee hakukielewa kijiko, alisogeza kiganja tu, na mtu yule akala. Alizunguka meza kwa meza. Wengine walikula macho wameyafumba, wengine nusu wanalia, hakuna aliyepiga picha. Alimlisha mhudumu wa dawa ya nzi. Alimlisha fundi, njugu zingali mdomoni. Alipofika kwa Simeon Ngala, mwakilishi alirudi nyuma na kiti chake.

"Mimi nina sukari, mzee, daktari—"

Lewa alikuwa amesimama nyuma yake, mikono miwili juu ya mgongo wa kiti, ngozi ya mbuzi imemning'inia puani mwa Simeon.

"Kula, mwakilishi," alisema kwa upole. "Wenyeji wanakuangalia."

Alikula.

Mwishowe Kavumbi alifika mbele, kwenye kiti cha Bwana Thuku. Kilikuwa kitupu, kimelowa maji. Kutoka nyuma ya baa ilisikika sauti, mtu anakokomoa, ananyamaza, anaanza tena.

Mzee alitega sikio. Tangu aliposikia majina hakuwa amesema na Mbeyu hata neno.

"Anafanya nini huko?" aliuliza, bila kumtazama.

"Anatapika, tsawe."

Kavumbi alikitikisa kibuyu sikioni. Asali ilikuwa imebaki kidogo. Alikivuta kile kiti, akakipangusa maji kwa mkono, akakaa, kibuyu juu ya magoti, akamngoja arudi.